Mtoto kajibwaga chini, mzazi naye anawaka

Saa kumi na moja na nusu jioni ya Ramadhani. Mafuta yameshashika moto kwenye karai, sambusa zinasubiri, na mtoto wa miaka miwili na nusu kajibwaga sakafuni kwa sababu kapewa kikombe cha kijani na yeye alitaka chekundu. Anapiga mayowe, anarusha miguu, anajigonga kisogo. Aliyekaa barazani atasema, "Anadeka huyo." Mwengine atasema, "Jeuri hiyo, mchape." Wa tatu atanong'ona kwamba kapigwa jicho, asomewe.

Kila jina lina dawa yake. Anayeitwa mdekaji hupuuzwa, anayeitwa jeuri huchapwa, anayedhaniwa ana jicho husomewa. Kumsomea mtoto dua ni kheri na hakugongani na lolote litakaloelezwa hapa. Lakini katika majina yote matatu hakuna hata moja linalouliza mtoto huyu kala saa ngapi na kalala saa ngapi. Wala hakuna linalomuuliza mama yake, aliyefunga tangu alfajiri na kukatiwa usingizi na daku, naye yu hali gani. Hapo ndipo wazazi wengi tunapopotea: tunatibu jina tulilompa mtoto, na kinachomtokea hakijatazamwa.

Dakika tano zinazohisi kama nusu saa

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Michael Potegal na Richard Davidson, walichapisha uchunguzi wa watoto wenye umri wa miezi 18 hadi 60. Waliwaomba wazazi waandike, hatua kwa hatua, kila alichofanya mtoto tangu hasira ilipolipuka mpaka ilipoisha. Robo tatu ya milipuko hiyo iliisha ndani ya dakika 5. Mzazi aliyesimama katikati ya mayowe hawezi kuamini hesabu hiyo, na ndiyo maana ni vizuri siku moja kutazama saa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukijua kwamba kitu hiki kina mwisho, na mwisho wenyewe uko karibu, mkono unakuwa mzito kunyanyuka.

Jambo kubwa zaidi walilolionesha ni kwamba ndani ya mlipuko mmoja mna vitu viwili vinavyokwenda kwa mwendo tofauti. Kuna hasira: mayowe, mateke, kutupa vitu, kujikakamaza mwili. Hii hupanda upesi, hufika kileleni mapema, kisha hushuka. Na kuna huzuni: machozi, kulalama, kutaka kubebwa. Hiyo ipo tangu mwanzo, inapita chini kwa chini, na hasira ikishaondoka ndiyo inayobaki. Ndiyo sababu mtoto aliyekupiga teke dakika ya pili anakuja kujilaza mapajani mwako dakika ya nne. Hajafanya ujanja wowote. Hasira imemwisha na sasa ana huzuni tupu.

Sikio linaweza kutofautisha. Mayowe ya hasira ni makali, ya juu, yamenyooka kama firimbi. Kilio cha huzuni kina kwikwi, kinapanda na kushuka, kina pumzi katikati. Wakati wa mayowe maneno yako ni mafuta ya taa juu ya moto. Wakati wa kwikwi, kifua chako ndiyo dawa. Mlipuko unaweza kurefushwa kwa kupindua mpangilio huu: mtoto aliye kileleni anabanwa kwa nguvu "atulie", naye anapigana kama aliyefungwa kamba, halafu akishafika kwenye kwikwi, mzazi ndiyo kwanza anaanza mawaidha, na mtoto anarudi kileleni upya.

Swali ni baya kuliko mawaidha. "Unataka nini? Unataka hiki? Au kile? Sema basi!" Kila swali linamtaka achague na ajieleze, mambo mawili ambayo kwa dakika ile hana uwezo nayo kabisa.

Kwa nini miaka miwili, mitatu

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayomsaidia mtu kujizuia, kungoja, kupima. Ujenzi wake unaendelea mpaka mtu akaribie au apite miaka 25. Mtoto wa miaka miwili ni ngalawa yenye tanga lililojaa upepo na usukani haujafungwa. Anataka kwa nguvu zake zote, na chombo cha kugeuza hicho anachokitaka bado hana. Halafu anaelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyasema. Fikiri wewe uko ugenini, una kiu, na kila unalolitamka wenyeji wanakuletea kitu kingine.

Wengi hukasirika kwa kuamini mtoto "ananidharau mbele za watu". Dharau inahitaji hesabu: nijue wewe unajiona nani, nijue hawa wanaotazama wanakufikiriaje, kisha nikushushe. Uwezo wa kuelewa kwamba mtu mwengine ana mawazo yake, tofauti na yangu, huanza kukaa sawasawa karibu na miaka minne. Aliye chini ya hapo anajua tu kwamba kikombe si kile. Hajui, wala hawezi kujua, kwamba mama mkwe wako yumo ukumbini.

Kwetu kuna jambo jengine linalostahili kuangaliwa kwa makini. Watoto wengi wa Unguja na Pemba huachishwa ziwa wakikaribia miaka miwili, kama Qur'ani ilivyotaja miaka miwili kamili katika Sura ya Al-Baqara aya ya 233. Mara nyingi ni miezi hiyo hiyo mama ana mimba nyengine au kashajifungua, na mtoto anahamishwa kitanda kwenda kulala na bibi. Ziwa lilikuwa na kazi tatu kwake: chakula, usingizi, na kutulizwa. Kazi ya kwanza imechukuliwa na uji na wali. Hizo mbili zimebaki bila mtu. Ndipo watu wanaposema mtoto siku hizi kaingia kisirani.

Kinachosaidia ni kuyatenganisha mambo haya kwa wiki kadhaa. Usiachishe ziwa na kuhamisha kitanda wiki moja. Punguza mara moja ya kunyonya kila baada ya siku chache, ukianza na za mchana na kuacha ya kulalia iwe ya mwisho, na kila unayoiondoa weka kitu cha kudumu mahali pake: kupapaswa mgongo, wimbo ule ule, mtu yule yule. Kupaka shubiri au pilipili kunafanya kazi upesi, hilo halina ubishi, lakini mtoto anaamka asubuhi moja akute mahali pake pa amani pamekuwa pachungu bila kuambiwa lolote. Halafu tunashangaa analipuka mchana kutwa.

Upande wa mzazi

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa sababu mlipuko wa mtoto tumeuona una dakika zake. Wa mzazi ndio unaoacha alama.

Kilio cha mtoto mdogo kimeumbwa kisivumilike. Kingekuwa cha kuvumilika, watoto wangesahauliwa kwenye majamvi. Ukikisikia, mwili wako unajitayarisha kama kwa hatari: moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli ya taya na mabega inakaza, homoni ya adrenalini inamwagika. Mwili uliojitayarisha hivyo umejengwa kwa kukimbia au kupigana, na mbele yako hakuna adui, yupo mtoto wa kilo kumi na mbili. Nguvu hizo zinatafuta pa kutokea. Mwanamke mpole, asiyegombana na mtu mtaani, anaweza kujikuta kamvuta mtoto mkono kwa nguvu ambazo hata yeye zimemshtua. Huo si ubaya wa roho. Ni mwili uliokosa mlango, na kazi ya mzazi ni kuupa mlango kabla haujavunja kitu.

Kuna mambo matatu yanayokusogeza karibu na ukingo. La kwanza ni mzigo uliokuwapo kabla mtoto hajalia: njaa ya saumu, usingizi wa vipande vipande, joto la kaskazi, maji ya kuchota, deni la dukani. La pili ni tafsiri, ile ya "ananidharau". La tatu ni macho ya watu. Mtoto akilipuka kwenye daladala ya kwenda Mwanakwerekwe, mama anakuwa na kesi mbili kwa pamoja, ya mtoto na ya abiria. Wazazi wengi hupiga ili abiria waone kwamba wao si wazembe, na mtoto analipia hukumu ya watu ambao kituo kinachofuata watashuka.

Dalili huja kabla ya kuvunjika, na kila mtu anazo zake. Taya zimeumana. Sauti imekuwa nyembamba. Umeanza kumwita mtoto kwa jina lake kamili na la baba yake. Dalili iliyo rahisi kuikamata kuliko zote ni hii: umesema agizo lile lile mara ya tatu. Ya kwanza hakusikia, ya pili hakuweza, ya tatu unajisemea mwenyewe. Ukijisikia unatoa ya tatu, acha kumshughulikia mtoto, jishughulikie wewe.

Kwanza ondoa hatari, si kelele. Jiko la mkaa, karai, kisu cha mbatata, birika la chai, ukingo wa baraza, ngazi, kisima. Kama mtoto yuko karibu na chochote katika hivyo, mbebe kutoka nyuma, mgongo wake kifuani kwako, mikono yako chini ya makwapa yake, umweke mkekani. Ukimbeba uso kwa uso atakupiga kichwa cha pua, na pua iliyopigwa inamaliza subira yote iliyobaki. Zima moto chini ya mafuta. Sambusa zitakaangwa baada ya dakika kumi.

Kisha keti. Mafunzo ya Mtume (SAW) yanamwambia aliyekasirika hali amesimama aketi, na hasira isipomwondoka alale. Wengi wetu tuliyasikia chuoni tukiwa wadogo na tukayachukua kama adabu tu, kumbe yana ufundi wa mwili. Aliyeketi hana nafasi ya kuvuta mkono nyuma. Mabega yanashuka. Mtoto anaacha kuona jitu limemwinamia. Ukiketi, keti ubavuni, urefu wa mkono mmoja hivi, usimkodolee macho.

Halafu pumzi. Vuta kwa puani ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6. Mara sita, ni dakika moja. Kilicho muhimu ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa. Watu hukosea hapa kwa kuvuta pumzi kubwa kubwa za haraka, na kizunguzungu kinawazidisha hasira, au kwa kuitoa kwa kishindo, "aaagh!", ambayo kwa sikio la mtoto ni ngurumo ya simba.

Baada ya hapo, sentensi moja. "Umekasirika, mwanangu. Mama yuko hapa." Basi. Usiirudie kila sekunde kumi na usiiseme kwa meno yaliyoumana, afadhali kunyamaza. Kazi ya sentensi hiyo si kumnyamazisha. Unampa neno la kile kinachomtokea, ili mwakani awe nalo mwenyewe. Sikiliza sauti igeuke. Kwikwi zikianza, fungua mikono. Asipokuja, acha mikono wazi na ungoje.

Na kama pumzi sita hazikutosha, kama mikono inatetemeka, ondoka. Hili lisemwe wazi kwa sababu akina mama wengi wanaona kuondoka ni kumtelekeza mtoto. Mtoto wa miaka miwili akiwa chumbani kwenye mkeka, hakuna cha kumwangukia wala cha kumeza, mlango uko wazi, na wewe uko uani dakika tatu unajimwagia maji usoni: yuko salama zaidi kuliko akiwa na wewe uliyeshindwa. Mwambie, "Naenda uani, narudi," kisha urudi kweli. Mchanga asiyetambaa mlaze chali kitandani pasipo mito na umpe hata dakika kumi. Analia, hataumia. Kinachomuumiza ni kutikiswa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa mwili wake na shingo haina nguvu. Akitikiswa sekunde chache ubongo unagonga fuvu na mishipa midogo inapasuka. Matokeo yake ni upofu, ulemavu au kifo, na kwa nje huenda usione hata mchubuko.

Nyumba zetu zina watu, na hiyo ni neema kubwa katika jambo hili. Kubalianeni mapema neno moja. "Nishikie." Anayelisikia, awe baba, shangazi au jirani, anakuja kumchukua mtoto bila kuuliza kafanya nini na bila kutoa hukumu. Lakini watu hao hao wanaweza kuwa tatizo, pale wanne wanapozungumza kwa pamoja: huyu anabembeleza, huyu anatisha kwa ufagio, huyu anaita paka, huyu keshaleta biskuti. Mtu mzima mmoja aseme. Wengine watoke au wanyamaze.

"Mpe tu anyamaze"

Ushauri huu hutolewa kwa huruma na ndio unaozaa kazi kubwa kuliko yote. Tuseme mtoto anataka malai kila mnapopita dukani. Jumamosi umekataa, kalia, mmepita. Jumapili vile vile. Jumatatu vile vile. Jumanne kalia dakika kumi, watu wanatazama, umenunua. Kwa hesabu ya mzazi, kakataa mara tatu kati ya nne, ni mtu mwenye msimamo. Kwa hesabu ya mtoto, kilio cha dakika tatu hakinunui malai, cha dakika kumi kinanunua. Keshokutwa ataanzia hapo kwenye kumi. Zawadi inayokuja mara moja moja bila kujulikana lini hufunga tabia kuliko inayokuja kila siku. Mvuvi hurudi baharini kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo uamuzi uwe kabla ya kilio. Jiulize: hili lina uzito wa kukataliwa? Kikombe chekundu hakina. Mpe, tena upesi, na hujashindwa na mtu. Kupiga mdogo wake, kukimbilia barabarani, kuchukua cha mtu, malai ya nne kwa wiki: haya kataa, na ukikataa usirudi. Siku za mwanzo za msimamo mpya kilio kitaongezeka, wala hakitapungua. Mtoto anajaribu ufunguo wake wa zamani kwa nguvu zaidi kabla ya kuutupa. Wengi huvunjika siku ya tatu au ya nne, hapo hapo msimamo ulipokuwa unakaribia kufaa, na wanahitimisha kwamba "mambo haya ya kisasa hayafanyi kazi kwa watoto wetu".

Kisha yupo bibi. Bibi anatoa. Anatoa kwa mapenzi, na kumkatalia mbele ya mtoto ni kumvunjia heshima yeye na kumfundisha mtoto kwamba nyumba ina milango miwili. Zungumza naye mtoto akiwa amelala, na mpe yeye cha kutoa: "Mama, nakuomba unisaidie jambo. Mjukuu wako akililia malai, ukimpa nashindwa kumshika. Naomba umpe wewe, lakini siku ya Ijumaa, kabla hajalia. Akitoka kwako nitamwambia ni ya bibi." Bibi anabaki mtoaji, na malai inakuwa na siku yake.

Kuhusu kuchapa, maneno machache. Bakora humnyamazisha mtoto kwa khofu, na kunyamaza huko ndiko kunakomdanganya mzazi kwamba imefaa. Aliyekuwa kazidiwa na jambo moja sasa kazidiwa na mawili. Na mzazi anapiga kwenye kilele cha hasira yake mwenyewe, wakati ambao hana kipimo cha mkono; majeraha mengi ya watoto wadogo hakuna aliyeyakusudia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili hata ndani ya nyumba yake. Vitisho navyo viachwe. "Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano" kinafanya kazi jioni moja, kisha siku ya chanjo unamburura mtoto mpaka kituo cha afya huku analia njia nzima, na unakasirika tena kwa jambo ulilolipanda mwenyewe.

Saa ya hatari

Mwaka 1931 mtafiti Florence Goodenough wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichapisha kazi iliyotokana na daftari za akina mama walioandika kila hasira ya watoto wao. Hasira ziliongezeka kabla ya nyakati za chakula na siku ambazo mtoto anaumwa kidogo. Kila mama alijua hilo tangu dunia iumbwe, lakini tuliangalie kwa hesabu ya Ramadhani yetu.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na wa mchana. Wa miaka mitatu hadi mitano, saa 10 hadi 13. Mwezi huu nyumba imechangamka mpaka baada ya tarawehe. Mtoto kalala saa tano usiku, kaamka saa kumi na mbili asubuhi: saa 7. Mchana kalala saa moja na nusu. Jumla 8 na nusu. Anadaiwa saa mbili na nusu kila siku, na deni linajumlishwa. Na chakula, kwa kuwa mchana hakuna aliyepika, kala boflo na chai saa tatu asubuhi, kisha vitu vya kuokoteza. Ikifika saa kumi na moja jioni hakuna adabu yoyote duniani itakayomshikilia. Kikombe cha kijani kimebahatika tu kuwa hapo.

Mpe mtoto chakula kamili saa kumi, kabla karai halijapanda jikoni: wali wa jana, muhogo wa nazi, ndizi, chochote chenye kushibisha, si biskuti. Mwogeshe saa kumi na nusu. Mlaze mchana mara baada ya adhuhuri, si baada ya alasiri, la sivyo usiku hatalala. Saa ile ya mwisho kabla ya magharibi akabidhiwe mtu asiyepika, na baba aliyerudi kazini asihesabu kazi hiyo kuwa ni kumsaidia mke; ni yake. Siku zisizo za Ramadhani mpangilio ni huu huu, ni saa tu zinazohama.

Simu nayo ina mlipuko wake. Kuinyakua katikati ya katuni ni kumwamsha mtu kwa maji baridi. "Bado dakika tano" haimsaidii, dakika hazijui. Mwambie, "Katuni hii ikiisha, unazima wewe," na kidole cha kuzima kiwe chake.

Mtoto akikauka

Baadhi ya watoto, hasa kati ya miezi sita na miaka sita, hulia mpaka pumzi ikakatika. Mdomo unakuwa wa buluu, mwili unalegea au kukakamaa, na nyumba nzima inapiga kelele za degedege. Hafanyi makusudi. Mlaze ubavu chini, ondoa vilivyo karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimtikise. Kwa kawaida pumzi hurudi yenyewe chini ya dakika moja. Mara ya kwanza lazima aonwe na daktari, na aende haraka zaidi ikiwa hakulia kabla, ana homa, yuko chini ya miezi sita, au hali imevuka dakika.

Hali hii inahusiana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na watoto wengine hupoa wakishatibiwa upungufu huo. Lakini usikimbilie kununua dawa ya maji ya kuongeza damu. Ni Pemba hapa hapa palipofanyika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006, na ukabadilisha maelekezo duniani: watoto wadogo waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki bila kupimwa, malaria ikiwa nyingi wakati ule, walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Malaria imepungua sana visiwani tangu hapo, lakini kanuni inabaki: damu ipimwe kwanza, dawa na kipimo chake vitoke kituo cha afya.

Nenda kituo cha afya pia ikiwa milipuko huvuka dakika 25 mara kwa mara, au ni zaidi ya mitano kwa siku kwa siku nyingi, au mtoto hujiuma na kujigonga mpaka anaumia, au keshafika miaka mitano na bado ni vile vile, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Na mzazi anayejikuta kila siku anawaza kumuumiza mtoto, au aliyejifungua karibuni na hawezi kulala hata mtoto akilala, naye ni mgonjwa anayehitaji kutibiwa. Namba 116 ya kumsaidia mtoto hupigwa bure, na mzazi aliyeelemewa anaweza kuipiga kabla jambo halijaharibika.

Kama umeshapiga kelele

Itatokea. Kuna wanaoona mkubwa kumwomba mtoto radhi ni kujishusha, na kwa hiyo hutengeneza mambo kwa njia ya pembeni: pipi, shilingi mia tano, simu. Mtoto hapo hajifunzi kwamba umejuta. Anajifunza kwamba baada ya mayowe huja malipo.

Ngojeni wote wawili mpoe, lakini isivuke siku. Mtoto wa umri huu akilala, kamba ya jambo imeshakatika. Mweke mapajani au keti naye mkekani. "Nilikupigia kelele, ukaogopa. Nimekosea. Ulikasirika kwa sababu ya kikombe. Kukasirika sawa. Kurusha kikombe, hapana." Sehemu ya kosa lako isiwe na "lakini" ndani yake. Ukisema "nimekosea, lakini na wewe umezidi," umefuta yote.

Halafu futeni pamoja. Uji ulimwagika, upo sakafuni umeshaanza kukauka. Mpe kitambaa kidogo chenye maji, chukua chako, na mwoneshe kipande chake: kuanzia mguu wa meza mpaka ukutani. Hatafuta vizuri. Atausambaza zaidi kabla haujatoka. Usimnyang'anye kitambaa, akimaliza chake na kuondoka, ndipo upite juu yake.